Kijiti cha Urubingo Ndani ya Kombine

Gatera hakuwa seremala wa kuajiriwa. Mchana alikuwa mtu wa ofisini, mwenye tai na kompyuta. Jioni alikuwa mtu wa mbao, nyuma ya nyumba yake pale Niboye, Kigali, kwenye kibanda alichokiezeka mabati mwenyewe. Kwa miaka mingi aliota kuwa na kombine, ile mashine moja inayopasua, inayoranda na kutoboa. Mpya hakuiweza. Basi akawa anashinda kwenye simu akitafuta iliyotumika, mpaka mkewe Uwera akamtania kwamba hata mke mwenza angekuwa nafuu.

Ndipo akampata Habimana, fundi wa Kimironko. Mashine ilivutia kwenye picha: chuma kizito, rangi ya kijani, meza imesuguliwa hadi inang'aa. Walielewana siku hiyohiyo bila kuvutana, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu makini. Fundi gani wa Kigali anaachia kombine bila kubishania bei? “Njoo uichukue haraka,” Habimana aliandika. Baadaye akaandika tena: “Haraka, ndugu yangu.”

Jumamosi Gatera alipofika na pikapu ya kukodi, alikuta mabenchi uani, wanawake wamejitanda vitenge, na moto wa matanga unafuka moshi. Habimana alikuwa amezikwa juzi yake.

“Mwihangane,” Gatera aliwapa pole, akakaa kidogo na wafiwa kama inavyotakiwa. Lakini dereva alikuwa anasubiri, na moyo wake ulishatangulia karakana. Mjane, Mukunde, akampeleka kuiona.

“Mume wangu alisema iko ya kwako, mimi sipingi,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Lakini ngoja kesho. Kesho ni gukura ikiriyo, tunamaliza matanga. Sisi wa nyumba tunagusa vyombo vyake kwanza, tunasema kazi yake imeisha. Halafu utachukua. Leo usiiwashe.”

“Nataka kuisikia tu, mama. Kidogo.”

“Usiiwashe.”

Akaitwa uani kupokea wageni. Sasa, hakuna anayenunua mashine iliyotumika ikiwa kimya. Hilo fundi yeyote atakwambia. Mota inaweza kuwa imeungua, beringi zimekwisha, ukabaki na chuma chakavu cha kuanikia nguo. Gatera alitazama mlango. Akatazama swichi. Akaibonyeza.

Iliitika mara moja, kwa sauti laini. Uani watu wote wakanyamaza.

Mukunde alirudi akasimama mlangoni. Hakufoka. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha Gatera kuliko matusi.

“Umeiwasha wewe,” alinong'ona. “Basi iko ya kwako sasa. Na kazi yake iko ya kwako.”

Gatera aliona ni maneno ya mtu mwenye msiba. Akaipakia mashine akaondoka.

Alipokuwa akiisafisha nyumbani, alifungua mlango wake wa chini, kwenye mikanda. Ndani kulikuwa kumelazwa kijiti cha urubingo, yale matete ya mabondeni. Gatera alikijua ni cha nini. Vijijini, mtu anayekwenda kuagiza jeneza habebi futi. Hukata urubingo kwa urefu wa maiti akampelekea fundi. Hiki kilikuwa kifupi. Kilikuwa cha mtoto, na kilikuwa bado kibichi. Alikitupa kwenye takataka, akanawa mikono, akajiambia kwamba fundi ni fundi, hutengeneza chochote anachoagizwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kitanda cha Gaju, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Mtoto huyo walimpata baada ya kungoja mpaka wakakata tamaa, na Gatera alimpenda kupita kiasi; hakuwa akilificha. Akapima ubao wa ubavuni, akaweka alama ya penseli, akakata. Ukatoka mfupi. Akajilaumu, akapima mwingine, safari hii polepole. Ukatoka mfupi pia, sawasawa na wa kwanza. Wa tatu hakuupima kabisa. Aliupitisha tu kwenye msumeno, nao ukatoka sawa na wenzake.

Gaju aliingia akila andazi. Akasimama kando ya mbao zilizoegemezwa ukutani, akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

“Papa, ziko sawa na mimi!”

Alicheka sana. Baba yake hakucheka. Nyuma ya mbao zile, kijiti cha urubingo kilikuwa kimeegemea ukuta. Bado kibichi. Sawa na mtoto.

Mchana uleule Gatera alikuwa Kimironko. Mukunde hakushangaa kumwona. Alimketisha ndani, akafunga mlango, akasimulia huku mkono umeziba nusu ya mdomo. Kuna mtu alileta kijiti kile akaagiza jeneza la mtoto. Habimana akaanza kukata mbao. Mtu hakurudi. Habimana alipoulizia huko mtu yule alikosema anatoka, akaambiwa hakuna mtoto aliyekufa.

“Alianza jeneza la mtoto mwenye hajakufa,” Mukunde alisema. “Tangu siku hiyo kila ubao ulitoka kipimo kile. Akakataa kumaliza. Akaitafutia mashine mnunuzi. Akafa.”

“Mtoto gani?”

“Hana jina. Kazi ndiyo inamtafuta. Jumapili ile tungesema imekufa na mume wangu. Wewe ukaiendeleza.” Akamtazama usoni. “Sisi hatukuzaa. Kwako mtoto iko?”

Gatera aliogopa, na machozi yakamtoka mbele ya mjane wa watu.

Kesho yake aliirudisha mashine, hakudai chochote. Ndugu wa marehemu waliigusa mmoja mmoja, wakasema maneno yao, ingawa siku yake ilikwisha kupita. Mbao zile na kijiti alivichoma mwenyewe, akasimama pale mpaka vikawa majivu. Kwa Uwera alisema tu kwamba mashine ilikuwa mbovu. Uwera akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Gatera naye akacheka.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa. Niboye ilikuwa kimya: magari yamesimama, maduka yamefungwa, watu wako na majembe yao. Gatera alikuwa mtaroni na majirani, wanazibua tope, wanataniana.

Msumeno ukalia.

Vichwa vyote vikainuka. Sauti ilikuwa laini. Ilitoka kwake.

“Papa Gaju,” jirani mmoja akamwambia, “nani anapasua mbao kwako saa hizi? Umuganda haujaisha!”

Gatera alitupa jembe. Akakimbia.

Uwera alikuwa uani anafua. “Sauti gani?” aliuliza. Hakuwa amesikia kitu.

“Gaju yuko wapi?”

“Si alikuwa hapa sasa hivi?”

Kibanda kilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akafungua.

Mashine haikuwepo. Mahali pake alisimama Gaju. Wima. Mgongo ukutani, visigino vimebanwa, kidevu juu, kama mtoto anayepimwa urefu. Nywele zake zilijaa maranda. Mapya. Yananukia.

“Papa,” alinong'ona, “amenipima tena. Anasema nimerefuka. Zile mbao hazifai. Ataanza upya.”

“Nani?”

“Anasema hana haraka. Nikiacha kukua, atamaliza.”

Walihama Niboye bila hata kuaga. Gatera hajagusa ubao tangu siku hiyo. Nyumbani kwake vitanda ni vya chuma. Lakini kila Gaju anaporefuka kidogo, nyuma ya mlango wa chumba chake hukutwa kijiti cha urubingo, kibichi, kimekatwa sawa na yeye. Uwera, ambaye sasa anajua yote, huvichoma. Kila kipya kilikuwa kirefu kuliko kilichopita, na kwa hilo wote wawili walimshukuru Mungu.

Mwaka huu Gaju amefikisha miaka kumi na mitano. Shule zilipofunguliwa alitoka chumbani amevaa sare ya mwaka jana, akajigeuza mbele ya mama yake, akacheka kwamba safari hii wameokoa gharama. Ilimtosha vizuri kabisa. Gatera aliingia chumbani, akatazama nyuma ya mlango.

Hapakuwa na kijiti. Palikuwa na maranda.