Soketi Iliyo Chumbani kwa Mzee

Kila asubuhi, saa mbili na nusu, simu ya waya hulia nyumbani kwa Seline kule Mamboleo, Kisumu. Huwa ni dada yake Ajwang, yuko ufuoni mwa ziwa kule Usenge, anasimulia omena, wale dagaa wa ziwani, waliokauka na walioliwa na ndege. Seline huipenda simu hiyo. Waliiomba, wakangoja miaka sita. Mkubwa mmoja wa mtaani alipata yake kwa wiki moja. Seline hajasahau.

Jumatano moja, simu ilipolia tu, mwanawe Calvince alitoka mbio kwenye simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana mkubwa karibu na lango.

"Mama, mtandao umekatika tena."

"Katikati ya somo?"

"Katikati. Wamesema Ijumaa ndiyo mara ya mwisho. Ukikatika, kazi anapewa mwingine."

Calvince alikuwa anajaribiwa kazi ya kufundisha Kiswahili kwa video. Alimaliza chuo Maseno miaka mitatu nyuma. Tangu hapo amepeleka barua za kuomba kazi, na amerudi mikono mitupu.

Seline akaipigia kampuni ya mtandao. Wakampigia muziki mpaka chai ikapoa. Kisha kijana wa kampuni akasema, "Mama, zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa."

"Hicho kitufe nimekibonyeza tangu mwezi wa pili. Kimeisha rangi."

"Basi shida iko kwenu, Mama."

Seline alilijua neno hilo. Maji yakikosekana, shida iko kwenu. Stima ikipotea, shida iko kwenu. Ukilipa, wewe ni mteja. Ukiuliza, wewe ni mjinga.

Alifunga kitambaa kichwani, akaenda kumwita jirani yake Nanyama. Mama huyu aliunga nyaya za simu miaka ishirini, kisha akafutwa kazi pamoja na wenzake, siku moja, kwa karatasi moja. Siku hizi anatengeneza redio.

Nanyama aliingia kwenye simba, akaitazama ruta, akaufuata waya wake kwa mkono. Ulipita juu ya ua, umeungwa mahali patatu na kufungwa kwa karatasi ya plastiki, ukaingia dirishani mwa nyumba kubwa ya wazazi.

"Huu waya ni wa nini?"

"Wa spika," Calvince akasema. "Ulibaki wakati wa disko ya matanga ya babu."

"Sasa umezika na mtandao." Nanyama hakucheka. "Sikieni. Simu na intaneti zinakuja kwa waya mmoja kutoka kwa nguzo. Mahali waya unapoingia nyumbani mara ya kwanza, hapo ndipo soketi kuu. Soketi nyingine ni tawi tu. Waya wa tawi ukiwa mbovu, intaneti inapoteza nguvu njiani na kuokota makelele. Ruta ikae kwenye soketi kuu. Na simu iwekewe filta, kisanduku kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti. Bila filta, simu ikilia mtandao unakatika. Hawakuwapa filta?"

"Walituachia boksi langoni," Seline akasema. "Walisema mvua inakuja."

Akalileta. Filta ilikuwa ndani, haijafunguliwa. Kando yake kulikuwa na karatasi ya Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Miezi minne ilikaa hivyo. Karatasi hiyo ingesomwa na nani?

"Soketi kuu iko wapi?" Nanyama akauliza.

Calvince akatazama miguu yake. Ilikuwa chumbani kwa wazazi, kando ya kitanda cha baba yake, Mzee Oyugi, mwalimu mkuu mstaafu. Na kwa Wajaluo, kijana mwenye simba haingii chumba cha wazazi wake. Ndiyo maana siku ya kufunga ruta alimpitishia mama yake waya dirishani.

"Kwa chumba changu mgeni haingii," Mzee Oyugi akasema kutoka kitini kwake uani.

"Baba Calvince," Seline akasema polepole, "mwiko ni wa mtoto. Ruta si mtoto wa mtu. Hawa wa kampuni wametudharau vya kutosha. Usiwasaidie."

Mzee akainuka. "Mngeniambia mapema ningetandika kitanda."

Nanyama alisimama mlangoni akaelekeza, Seline akafanya. Filta kwenye soketi kuu. Simu tundu moja, ruta tundu la pili. Waya wa spika ukatolewa. Calvince akanunua waya mrefu wa mtandao hasa, akampa mama yake ncha moja dirishani aichomeke kwenye ruta, akauzika ndani ya bomba la plastiki mpaka kwenye simba.

"Huu unaweza kwenda mbali bila shida," Nanyama akasema. "Lakini mawingu yakiwa meusi, chomoeni kila kitu kabla ya radi kuanza. Mnaijua radi ya Kisumu."

Ijumaa, somo likaanza saa mbili. Saa mbili na nusu simu ikalia. Seline akaishika mkononi, roho juu, akatega sikio dirishani.

"Rudieni pamoja," Calvince alikuwa anasema. "Tunavua. Tunavua samaki."

"Seline, mbona umenyamaza?" Ajwang akauliza.

"Nasikiliza kazi."

Jumatatu kazi ikawa ya Calvince. Siku hiyohiyo Seline alikwenda ofisi ya kampuni mjini na majirani sita, wote wenye ruta kwenye soketi za tawi. Aliweka ile karatasi ndogo mbele ya kijana wa kampuni.

"Keti, Mama."

"Sikuja kukaa. Tunataka maelezo haya kwa Kiswahili na kwa Dholuo, herufi kubwa. Lakini kwanza tusomee wewe, tusikie."

Kijana akaanza. Mstari wa pili haujaisha, akainua karatasi, akaisogeza karibu na macho.