Debe la Sindo

Asubuhi ya Muhuru Bay huanza na kelele. Mashua zinarudi kutoka ziwani na omena za usiku, wale dagaa wadogo. Wanawake wanaingia majini mpaka magotini, mabeseni vichwani. Kila mmoja anataka kuhudumiwa kwanza.

Jedidah alikuwa mmoja wao. Alikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waliokausha omena ufuoni. Zamani walianika chini, mchangani, kama mama zao. Kuku walipita juu ya omena. Mbuzi nao walipita. Ukizipika, meno yanasaga mchanga.

Mnunuzi wao mkubwa alikuwa Lorine, mfanyabiashara kutoka Rodi Kopany. Siku moja alitafuna omena moja, akaitema.

"Mchanga upo hata kwetu Rodi," alisema. "Mimi nimekuja kutafuta samaki."

Maneno hayo yalimchoma Jedidah. Akawapeleka wenzake Sindo, katika kaunti jirani ya Homa Bay, kukitembelea kikundi cha mwanamke aitwaye Valary. Omena za Valary zilikuwa zinasifiwa sokoni.

Huko waliona vichanja. Hizi ni meza ndefu za miti, juu yake umetandazwa wavu. Omena zinaanikwa juu ya wavu, mbali na mchanga na kuku. Wageni walipima urefu wa vichanja kwa kamba. Kisha wakakaribishwa ndani ya stoo, wakaandaliwa ugali na samaki wa kukaanga. Wakiwa wanakula, walisikia debe likigongwa nje. Baadaye likagongwa tena. Hakuna aliyeuliza. Mdomo uliojaa ugali hauna nafasi ya maswali.

Waliporudi Muhuru Bay, walijenga vichanja kama vya Sindo. Urefu ule ule. Upana ule ule. Hata stoo waliikumbuka. Vichanja vya Sindo vilikuwa nyuma ya stoo, na wao wakavijenga nyuma ya stoo yao. Mwisho Jedidah alitundika debe kwenye nguzo.

"La nini?" aliuliza Dorine. Dorine alikuwa mke wa shemeji yake. Waliitana nyieka, kama wake wa ndugu wanavyoitana.

"La kufukuza ndege," Jedidah alijibu bila kusita.

Basi kila siku Jedidah aligonga debe. Ndege wakiwepo, aligonga. Ndege wasipokuwepo, aligonga.

Lakini omena hazikukauka vizuri. Juu ziling'aa kama fedha. Chini zilikuwa mbichi, na zilianza kunuka. Lorine alipokuja, alipitisha mkono hadi chini kabisa, akatoa konzi moja. Alinusa.

"Mama Austine," alimwambia Jedidah, "juu ni omena. Huku chini ni nini?"

Alizirudisha kwenye wavu.

"Hizi zitakuwa chakula cha kuku. Nitapita tena Ijumaa. Nikikuta harufu hii, sitarudi tena ufuo huu."

Gari lake lilipoondoka, Dorine alikuja taratibu, mikono kiunoni.

"Nyieka, gonga debe kwa nguvu zaidi. Labda omena hazisikii vizuri."

Wanawake walicheka. Jedidah hakucheka.

"Mimi nasema wazi," Dorine aliendelea. "Ijumaa ikiharibika, tunang'oa miti hii tupikie. Turudi mchangani. Mchanga tunaujua."

Wengi waliitikia kwa kichwa. Jedidah aliwaangalia. Ni yeye aliyewashawishi. Ni yeye aliyesema miti ikatwe. Vichanja vikiwa kuni, nani atamsikiliza tena?

Kesho yake alikwenda Sindo peke yake. Valary alimkuta amesimama kati ya vichanja.

"Karibu ndani, mama. Uji uko tayari."

"Ero kamano, asante dada. Leo sitaki uji. Nipe kazi."

Valary alimtazama, akatabasamu. Akampa beseni la omena.

Jedidah alianika pamoja na wanawake wa Sindo. Walizitandaza nyembamba, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Jua likapanda. Mara debe likagongwa.

Jedidah alitazama juu. Hakuona ndege hata mmoja.

Aliposhusha macho, wanawake wote walikuwa wameinama. Mikono yao ilipita chini ya omena na kuzigeuza. Za chini zikaja juu, za juu zikaenda chini. Waliimba wakigeuza:

*Geuza, dada, mgongo,*
*jua lipate na tumbo.*

"Valary," Jedidah aliita. "Ndege wako wapi?"

"Ndege gani?"

"Wanaofukuzwa na debe."

Valary aliweka mikono tumboni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wenzake wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka pia. Safari hii hata Jedidah alicheka.

"Debe ni la kutukumbusha kugeuza," Valary alisema. "Tukianza kuongea hapa, tunasahau kazi. Debe likilia, hadithi inasimama, mikono inafanya kazi."

"Kwetu debe linalia, na hadithi inaendelea," alisema Jedidah. Kisha akainamisha kichwa. "Nimewaaibisha wenzangu. Nimeiga kama kasuku."

"Usione aibu kuiga," Valary alimjibu. "Mtoto anajifunza kusema kwa kumwiga mama yake. Sisi hatukuzaliwa na vichanja hivi. Tuliviona ufuo mwingine, tukaviiga. Vya kwanza tulivijenga virefu kama vyao. Wale ni warefu, sisi ni wafupi. Hatukuweza kufika katikati ya wavu. Tukapunguza miti."

"Na debe?"

"Tuliiga kengele ya shule. Ikilia, watoto wanabadilisha somo." Valary aligeuza konzi ya omena. "Ukiona kitu kizuri kwa mwenzako, kichukue. Lakini muulize, kinafanya kazi gani? Halafu ujiulize, kwetu kitafanya kazi hiyo hiyo? Mlivijenga wapi vyenu?"

"Nyuma ya stoo. Kama ninyi."

"Upepo wenu wa mchana unatoka upande gani?"

Jedidah aligeuka akatazama ziwa. Upepo wao ulitoka ziwani. Stoo yao ilikuwa kati ya ziwa na vichanja. Walikuwa wameufungia upepo mlango.

"Hapa kwetu stoo haizuii upepo," Valary alisema. "Kwenu mtazame wenyewe."

Jioni hiyo Jedidah aliwaita wenzake. Hakujificha. Aliwaambia yote, hata habari ya ndege. Dorine alicheka kuliko wote.

"Sasa umeleta mtindo mwingine," alisema. "Huu nao tutauamini vipi?"

"Usiuamini," Jedidah alijibu. "Tujaribu. Kichanja kimoja kibaki nyuma ya stoo, tukianikie kama kawaida yetu. Kingine tukihamishe pale penye upepo, tuanike nyembamba, tugeuze kila debe likilia. Jioni wewe ndiye utanusa. Pua yako haina huruma."

Dorine hakuweza kukataa sifa hiyo.

Kesho yake walifanya hivyo. Jua lilipoanza kushuka, Dorine alikwenda kwenye kichanja cha nyuma ya stoo. Alitia mkono chini, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. Akaenda kwenye kichanja cha penye upepo. Akanusa. Akanusa tena. Akachukua omena moja, akaivunja. Ilivunjika kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu.

Wanawake walisubiri.

"Mnanitazama nini?" alisema Dorine. "Shikeni miti tuhamishe hivi vingine kabla giza halijaingia."

Ijumaa Lorine alifika. Alipitisha mkono hadi chini, kama kawaida yake. Alinusa. Alitafuna. Jedidah alisikia moyo wake ukigonga kuliko debe.

"Mama Austine," Lorine alisema mwishowe, "leo juu na chini ni ndugu." Akamgeukia dereva wake. "Leta magunia. Yote."

Msimu uliofuata, wanawake wa ufuo mwingine walikuja Muhuru Bay kujifunza. Walileta kamba za kupimia vichanja. Mmoja wao aliuliza chakula kitaandaliwa saa ngapi.

"Chakula kipo," Jedidah aliwaambia. "Kwanza naweni mikono. Mtaanika na sisi."

Mara debe likalia. Aliyeligonga alikuwa Dorine. Wageni waliinua macho juu, wakitafuta ndege.

"Chini, dada zangu," Dorine aliwaambia. "Tazameni chini. Halafu mniulize kwa nini."