Kidole cha Kwenye Picha

Sista alibana kile kimashine cha kupimia oksijeni kwenye kidole cha baba, akasubiri, akakitoa, akakipangusa kwa spiriti, akakibana tena.

Namba ikatokea ile ile.

Sitini na moja.

"Nani amekuwa akimpima huyu mzee nyumbani?"

"Mama," nikasema. "Mara mbili kwa siku. Asubuhi ya leo alikuwa tisini na mbili. Picha ninazo."

Nikampa simu. Akaitazama picha, akautazama mkono wa baba, akairudia picha.

"Dada," akasema polepole, "hiki kidole si cha huyu mzee."

Jamani... picha zile nilikuwa nimeziangalia siku nne mfululizo. Namba nilizijua kwa kichwa. Lakini kidole? Nani huangalia kidole?

Sasa nikakiangalia. Kilikuwa chembamba, na juu ya kucha palikuwa na kovu la kuungua. Kovu hilo nalijua. Alilipata nikiwa darasa la tatu, sufuria ya githeri ilipompindukia.

Kilikuwa kidole cha mama yangu.

Msimhukumu bado. Wacha niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Ednah. Nina diploma ya uanahabari, na hapa mjini Embu nawaandikia watu matangazo, barua na hotuba za harusi. Maneno ndiyo kazi yangu na sioni haya kusema nayaweza. Nilifunzwa na baba, Mwalimu Njoka, aliyefundisha kwetu Gachoka miaka thelathini na kuwafanya watoto wa wafuga mbuzi wasimame mbele ya watu waongee bila kutetemeka.

Agosti ya 2021 akaanza kukohoa. Alhamisi majibu ya kipimo yakatoka. Ilikuwa korona.

Siku hiyo hiyo kaka yangu Adrian akamwingiza Daktari Mukiri kwenye grupu letu la familia. Mukiri alikuwa mwanafunzi wa baba, sasa ni daktari kule Meru.

Nikamwandikia wa kwanza: "Daktari, baba ameanza juzi tu. Tumpe dawa gani mapema kabla haijashika?"

"Pole, Ednah. Ya kuizuia mapema akiwa nyumbani, kusema kweli, hatuna. Apumzike, anywe maji mengi, Panadol kwa homa, alale kifudifudi. Na apimwe oksijeni kila siku."

Adrian ana duka la dawa za mifugo Kiritiri. Hakumpa hata nafasi ya kupumua.

"Daktari, yaani umesoma miaka yote hiyo na dawa yako ni Panadol na kulala na tumbo?"

Watu wakacheka.

"Huku tuko na dawa ya minyoo ya mbuzi," Adrian akaendelea. "Watu wanakunywa na wanaamka. Jirani yangu alikunywa jana, leo yuko shambani anachuma ndengu."

"Huyo jirani alipimwa?"

"Alikuwa anakohoa."

"Adrian, watu wengi hupona hata wasipokunywa kitu. Ukimpa maji ya bomba atapona vilevile, na utasema ni bomba. Hiyo ya mbuzi imepimwa kwa uzito wa mbuzi. Usimpe Mwalimu."

"Sasa tungoje tu?"

"Tungoje tukiangalia. Kuna dawa moja ya bei rahisi inayookoa watu, lakini ni ya yule ambaye oksijeni imeshashuka, akiwa hospitali. Ukimpa mapema unaweza kumuumiza. Ukichelewa, haimsaidii. Ndiyo maana nataka namba."

Leo naisoma ile meseji na naona kila kitu kilikuwa mle ndani. Siku ile niliona mtu anayetuambia tukunje mikono.

Nikashika simu. Nikaandika:

"Daktari, endelea kutuhesabia pumzi ukiwa Meru. Baba yangu hatapelekwa hospitali aingie akitembea atoke amefungwa kama gunia la makaa. Atakayemchukua atanipitia mimi kwanza."

Grupu likalipuka makofi. Shangazi akaandika, "Huyo ndiye mtoto wa Mwalimu." Binamu yangu wa Kangeta akaisambaza kwa rafiki zake wa soko la miraa, na mpaka jioni ilikuwa imenirudia kutoka kwa watu nisiowajua.

Baba naye akaiona. Akaweka alama ya tiki, moja, kama alizokuwa akinitilia kwenye daftari la insha.

Nililala nikiwa na furaha. Baba mgonjwa, na mimi nina furaha ya tiki.

Kesho yake Mukiri akanipigia simu, mimi peke yangu.

"Ednah, sijakasirika. Ningekuwa na dawa, Mwalimu angeipata kabla ya mama yangu mzazi. Nimetuma kimashine cha kupimia oksijeni, kinafika Gachoka leo. Nitumiwe picha asubuhi na jioni. Ikishuka chini ya tisini na tatu, mnampeleka. Tumeelewana?"

Nikamjibu kwa sauti ndogo. "Tumeelewana."

Adrian naye akakubali, ingawa alikuwa ameshampa baba matone yake ndani ya uji, na baba akayatapika yote.

Lakini hapa ndipo nataka mnisikilize. Nilikubali pembeni, kwa simu. Kwenye grupu neno langu nililiacha vilevile. Kulifuta ningeonekana nimeshindwa. Na nilikuwa nimepigiwa makofi mengi mno.

Picha zikaanza kuja. Ijumaa jioni, tisini na saba. Jumamosi, tisini na saba, tisini na sita. Jumapili, tisini na sita. Nikawa napumua. Mukiri alikuwa ametuzuia tusiende kujazana nyumbani, kwa hiyo baba nilimsikia kwa simu tu.

"Uko aje, baba?"

"Niko sawa."

"Umekula?"

"Kidogo."

Maneno mawili, neno moja. Mtu aliyekuwa akieleza sentensi moja kwa dakika kumi. Nikajiambia ni kikohozi.

Jumatatu, tisini na tano. Jioni, tisini na nne.

Jumanne asubuhi, tisini na mbili.

Nikakodi gari, nikafika Gachoka. Baba alikuwa amekaa kitandani, midomo imeingia rangi ya zambarau iliyoiva. Aliniangalia kama mtu aliyeshikwa na kosa. Mama akaingia naye kiti cha nyuma, amemwegemeza kifuani, anakohoa kohoa.

"Mama, na wewe?"

"Ni moshi tu. Nimekuwa nikimchemshia mwarubaini ajifukize."

Basi, mmejua tulivyofika mbele ya yule sista.

Baba alisukumwa ndani. Mimi nikatoka nje nikamkuta mama kwenye benchi chini ya hema.

"Mama. Kidole ni chako."

Hakukataa.

"Kwa nini?"

"Ni yeye alisema."

"Alisema nini?"

"Siku ya kwanza alijipima, ikasoma themanini na saba. Akaitoa, akaniwekea mimi. Akaniambia, piga hiyo, tuma."

"Na ukatuma."

"Nimekaa na huyo mzee miaka thelathini na tano, Ednah. Ni lini uliona nikimkatalia?"

Nilitaka kupiga kelele.

"Aliogopa hospitali kiasi hicho?"

"Kuogopa?" Mama akaniangalia kwa mshangao. "Alikuwa anataka kuja. Usiku wa Ijumaa alivaa hata viatu. Halafu akachukua simu akanisomea yale uliandika. Alisoma mara mbili, kwa sauti, kama yuko klasi. Akasema, umeona vile huyu mtoto anaandika? Akavua viatu. Akasema nikienda, huyu mtoto atakuwa ameongea uongo mbele ya watu wote."

Nilikaa chini, pale pale kwenye kokoto.

Kwa hiyo dawa moja iliyokuwepo, ile ya wakati wake, ilikuwa imempita baba siku nne. Na aliyemfungia mlango ni mimi. Kwa lugha safi.

Nikampigia Mukiri. Nilikuwa nalia, maneno yanatoka nusunusu.

"Daktari, zile namba si za baba. Zote. Mama alikuwa anaweka kidole chake."

"Zote ni zake?"

"Zote. Tangu Ijumaa."

"Na ya leo asubuhi?"

"Hiyo pia."

"Ednah." Sauti yake ilibadilika. "Basi ile tisini na mbili ni ya mama yako."

Nikageuka.

Mama alikuwa ameegemea mlingoti wa hema, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Siku nne alikuwa akitutumia ugonjwa wake mwenyewe, picha kwa picha, na sisi tunauombea kwa jina la mtu mwingine.

Sista alimpima pale pale kwenye benchi. Themanini na nne.

"Hiyo ni ya nani?" mama akauliza.

"Ni yako, mama," sista akamjibu.

Wakampeleka wodi ya wanawake, wakamwekea oksijeni, wakaanza ile dawa ya bei rahisi siku hiyo hiyo. Yeye hakuwa amechelewa sana.

Baba alichelewa. Alifariki Jumatano saa sita mchana. Hakuwa ameongea tangu tumfikishe.

Tukamzika Ijumaa asubuhi, haraka haraka, watu wachache wamesimama mbali mbali. Wanafunzi wake walibaki barabarani. Waliniomba niseme machache, kwa kuwa mimi ndiye hodari wa kusema. Nikatikisa kichwa.

Adrian alinivuta kando. Hakuwa na ubishi tena, alikuwa na macho mekundu tu.

"Mama asijue saa hii. Akijua, tutazika wawili."

Nikakubali.

Jioni mama akanipigia kutoka wodini. Nilisikia oksijeni ikivuma nyuma ya sauti yake.

"Mmekula?"

"Tumekula, mama."

"Mwalimu amesoma ngapi leo?"

Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyangu.

"Tisini na sita," nikasema. "Anaendelea vizuri."

Nikamsikia akivuta pumzi moja, akaiachilia, akavuta nyingine.

"Ednah."

"Naam, mama."

"Hiyo ni ya kidole cha nani?"

Mama alitoka hospitali siku ya kumi na sita. Anaishi. Anapanda kunde zake, anafunga mbuzi wake, anaitikia akiitwa. Swali lile hajalirudia, na mimi hadi leo sijalijibu.

Ninyi mnaosoma hapa, mtanisifia nimeandika vizuri. Tafadhali msinisifie. Ukigundua ulichosema mbele za watu si kweli, rudi ukakifute mbele za watu hao hao, siku hiyo hiyo, hata wakucheke. Mimi nilikifuta, kwenye grupu lile lile. Nilikifuta Jumatano, saa saba mchana.