Risala Mbili kwenye Kioo Kimoja

Kila jioni, kengele ya mwisho ikishalia, Minza alikwenda ofisini kwa Mwalimu Kassiani kuchapa kazi za shule kwenye kompyuta. Alikuwa darasa la sita, na katika shule yao ya Kasokola hakuna mwanafunzi aliyemfikia kwa kuchapa. Naye alilijua hilo, tena alilijua mno!

Mahafali ya darasa la saba yalipokaribia, Mwalimu alimfungulia risala mbili ubavu kwa ubavu kwenye kioo: kushoto ya mwaka jana, kulia ya mwaka huu.

"Ya kushoto ni ya kuangalizia tu, usiiguse," alimwambia. "Weka masahihisho ya karatasi hii kwenye ya kulia, kisha uitoe kwenye printa."

"Kazi ndogo hiyo, Mwalimu!"

Risala zenyewe zilifanana kama mapacha. Zote zilianza na "Ndugu mgeni rasmi," na Minza alipozungusha kipanya zilishuka pamoja. Nje wenzake walimwita wakaruke kamba. Basi akabonyeza bila kuangalia yuko upande gani, akabadilisha tarehe na idadi ya wahitimu, akahifadhi, akatoa karatasi, huyoo, akaenda zake kucheza.

Kesho yake Zuleha, mhitimu aliyechaguliwa kusoma risala, alisimama mbele ya shule kufanya mazoezi. Alisoma vizuri mpaka akafika penye maombi: "Tunakuomba utusaidie tenki la maji."

Watoto wakaangua kicheko. Tenki si hilo hapo nyuma yao! Bwana Gervas, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Usevya, alishalileta, na ndiye aliyealikwa tena kuwa mgeni rasmi. Vyoo vya wasichana, shida yao ya mwaka huu, havikutajwa kabisa.

"Zuleha!" Mwalimu alifoka. "Ya mwaka jana nilikupa ujifunzie tu, nawe ndiyo umekuja nayo?"

"Sivyo, Mwalimu, hii nimeikuta ofisini..."

"Kaa chini. Deo ndiye atakayesoma."

Maskini Zuleha! Mama yake alishawatangazia majirani wote. Alikaa akijifuta machozi kwa kola ya shati.

Minza akakumbuka alivyobonyeza bila kuangalia upande. Hakuna aliyemshuku, angenyamaza tu, yangepita. Lakini machozi yale yalimchoma. Akasimama.

"Mwalimu, ni mimi. Nimeandika kwenye ile ya kushoto. Dada Zuleha hana kosa."

Mwalimu alimtazama, kisha akawaita wote wawili ofisini. Akafungua tena risala zile mbili. "Kabla hujagusa kitufe, soma jina la faili hapo juu," alimwelekeza Minza. Zuleha akawa anamsomea masahihisho, Minza anachapa polepole upande wa kulia, mpaka wakamaliza.

"Zuleha, nisamehe," Mwalimu alisema. "Risala utaisoma wewe."

Zuleha akatabasamu, akatoka mbio na karatasi yake. Minza alibaki ameinamisha kichwa, akingoja adhabu.

"Haraka yako ilikuwa kosa," Mwalimu alimwambia, "na kosa lenyewe tumelirekebisha kabla chai yangu haijapoa. Lakini ungenyamaza, ningekuwa nimemwonea mtoto wa watu, na mpaka naingia kaburini nisingejua. Hilo, mwanangu, kompyuta isingelirekebisha. Umelirekebisha wewe kwa kusema kweli."