Baragumu la Kpandroma

"Mama Kaswera, choux zimeiva?"

"Moja imeoza. Itafute mbele ya saa ine."

Simu ikakatika.

Berthe Uyirwoth alirudisha Nokia yake mfukoni, akashika kwa nguvu kiuno cha Moïse, mwenzake aliyeendesha pikipiki. Yamaha ikaruka shimo na kuingia Bunia mbio, vumbi jekundu likitimka nyuma.

Choux, yaani kabichi, kwao lilikuwa bomu. Kuoza maana yake lilikwisha kutegwa. Na Mama Kaswera hakuwahi kuuza hata jani la sombe. Alikuwa mkuu wa idara isiyo na kibao mlangoni.

Siku nne nzima Berthe alikuwa akilitafuta, akizunguka makumbusho madogo kama mtalii aliyekosa kazi. Bambu: chumba kimoja, kofia za wachimbaji wa enzi za Wabelgiji. Mongbwalu: mizani yenye kutu. Kpandroma: kiti cha chifu, mizinga ya nyuki, na mlinzi aliyebubujikwa na machozi alipofungua daftari la majina ya waliouawa. Kila chumba kilikuwa kimetoa kitu kimoja kwa ajili ya makumbusho mapya ya Bunia, nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ikifunguliwa asubuhi hiyo. Wazee wa pande mbili zilizochinjana wangekaa ndani yake, chini ya paa moja.

Kulikuwa na amani. Amani ya watu wanaolala na viatu miguuni.

Saa tatu na dakika arobaini na tano Berthe aliingia. Bastola ya Glock 19 chini ya kitenge, redio ya Motorola ndani ya kilemba. Watu sitini hivi. Mbele, kwenye benchi lililoegemea ukuta, walikaa wapuliza agwara, mabaragumu ya mti, kutoka Mahagi, walioalikwa kwa sababu pande zote mbili ziliwakubali.

Wa tatu kutoka kushoto alikuwa baba yake.

Mzee Grégoire alimtazama kama mtu aliyeona nzi kwenye chai.

"Weye pia umekuja?"

"Ndiyo, papa."

"Ku matanga ya mama yako ulikosa njia. Ku fête umeiona."

Maneno yalimkata. Siku mama yake alipozikwa, Berthe alikuwa amelala mtaroni karibu na ziwa, akilifuatilia lori la bunduki. Baba yake aliamini kwamba anauza vitenge Kampala. Hakuweza kumwambia vingine siku ile, wala leo.

Mzee akanyoosha kidole juu ya kichwa chake, ukutani.

"Na ile iko nini? Mutu anatoboa agwara ku ncha? Anafikiri iko trompette?"

Berthe aliinua macho.

Baragumu la mti na kibuyu, limetundikwa vizuri. Kibao: *Zawadi ya wazee wa Kpandroma.* Tundu la mdomo lilikuwa kwenye ncha. Agwara hupulizwa ubavuni. Mtoto yeyote wa Mahagi aliyewahi kuchapwa kwa kuchezea la baba yake anajua hilo.

Na Kpandroma walikuwa wametoa mzinga wa nyuki.

Mtu mmoja alikuwa akijipenyeza kuelekea mlangoni. Tai ya buluu, kitambulisho shingoni. Hubert, mtaalamu wa urithi kutoka ng'ambo, ndiye aliyevitundika vitu vyote hivi. Berthe alilisoma faili lake usiku uliopita. Dhahabu aliyoitoa Mongbwalu ilivuka mpaka bila kuulizwa wakati barabara zilipokuwa mikononi mwa wenye bunduki. Amani ilikuwa ikimharibia biashara.

Berthe akabonyeza redio ndani ya kilemba.

"Moïse. Cravate ya bleu anatoka."

"Namuona."

"Mikono yake kwanza."

Redioni, kishindo cha kofia ya pikipiki. Mfupa. Ukelele uliozibwa.

"Niko naye. Simu yake niko nayo."

"Muulize."

Berthe akautafuta mlango wa nyuma kwa macho.

"Anacheka. Anasema simu haina kazi, kuko saa ndani. Inabakia dakika ine."

Berthe akabonyeza Nokia.

"Mama, nimepata choux. Iko na kibao ya Kpandroma. Nitoshe watu inje?"

"Ukisema tu ile neno, watasema ni wazee ya Kpandroma, na mbele ya mangaribi nyumba zitaungua. Neno isitoke."

"Na miye?"

"Uibe."

Alipanda juu ya benchi. Goti lake liligusa bega la baba yake.

"Berthe! Unafanya nini?"

"Naichukua, papa."

Alilichomoa baragumu kwenye msumari, akaruka chini. Mzee mmoja akamshika mkono, Berthe akampiga kiwiko. Kiti kikaanguka, kikawazibia njia. Wazee wa pande zote mbili wakasimama na kupiga kelele kwa sauti moja.

"Mwizi! Mwizi!"

Ndilo neno la kwanza walilolitamka pamoja tangu vita.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la wafyatua matofali, limejaa maji ya mvua. Berthe akatumbukia hadi magotini. Akapasua kibuyu kwa kisu cha Leatherman. Baruti ya Semtex. Waya mbili. Saa ya Casio.

Sekunde hamsini.

Akachomoa kiwashio taratibu, akakitupa katikati ya maji. Kikalia puu huko chini. Tope likamrukia usoni.

Akakaa ukingoni, akafuta tope usoni.

Hilux ya idara, isiyo na namba, ilikwisha kumbeba Hubert. Moïse alimpa Berthe koti lake na kofia ya pikipiki. Akajifunika uso wote, akapita mbele ya makumbusho kwa miguu, polepole, kama mtu aendaye sokoni.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, agwara mkononi. Mzee wa upande mmoja alikuwa akimuuliza:

"Muzee, ule mwizi alikuita papa. Iko mutoto yako?"

Mzee Grégoire alifuta jasho.

"Hapana. Miye sina mutoto mwanamuke."

Nokia ikatikisika mfukoni. Berthe akaipachika chini ya kofia.

"Choux?"

"Imetupwa."

"Na watu?"

Alimtazama baba yake akigeuka kurudi ndani, miguu yake miwili, mgongo wake mzima. Mabaragumu yakaanza kulia.

"Bote bazima," akasema, akavuka barabara.