Kuku Hawana Meno

Kuku wa Adong waliugua kwa sababu yangu. Mimi Enoka, mwalimu wa ufugaji mwenye diploma ya mifugo, ndiye niliyemshauri vibaya.

Mwaka 1968 Adong alikaa katika kambi ya polisi Kasese na mume wake, Koplo Olanya. Kila asubuhi aliwamwagia kuku mahindi, kisha wakazurura. Mwewe akachukua mmoja. Wengine wakachafua uwanja wa gwaride, na Inspekta Semakula akagomba.

Nikamwambia Adong, "Fungia kuku ndani ya stoo. Sakafu ni simiti, fagia kila siku. Wape mahindi na maji. Imeisha."

Adong akafagia mpaka sakafu ikang'aa kuliko ofisi ya Inspekta. Lakini kuku wakaanza kusinzia. Hawakula. Mmoja akafa.

Inspekta alisimama mlangoni, kitambaa puani. "Hii ni ugonjwa ya kuambukiza. Jioni kuku yote ya kambi ichomwe."

"Hata ya majirani, afande?"

"Yote."

Adong akanigeukia. "Mwalimu, ni wewe ulisema nifungie. Sasa sema kitu. Wanawake hapa watanichoma mimi pamoja na kuku yao."

Nikawaangalia kuku. Kuku hawakukohoa wala kuharisha. Jogoo alikuwa anadonoa ukuta, anameza vipande vya plasta. Kwa nini ale ukuta, na mahindi yapo?

"Nipe kisu, mama. Na ile iliyokufa."

Nikampasua yule kuku. Chini ya shingo, mfuko wa chakula ulijaa mahindi, mgumu kama mpira. Nikafungua firigisi. Mahindi mazima tena.

Jirani yake Eseri alikuwa ameshachinja kuku wake, aliyezoea kuzurura nje. Heri amle kuliko kumwacha achomwe.

"Eseri, lete firigisi."

"Hiyo ni ya mzee wangu. Hata daktari hali."

"Sitakula. Nataka kuona ndani."

Akaileta, amenikazia macho. Nikaikata. Ilikuwa na mchanga na mawe madogo.

"Afande, ona," nikasema. "Kuku haina meno. Inameza mahindi nzima, inakaa kwa huu mfuko, inalainika. Halafu inashuka kwa firigisi. Firigisi ni nyama ya nguvu, inakamua, na haya mawe yanasaga. Ndani ya stoo hakuna hata jiwe moja. Adong alifagia, mimi nikasahau."

"Kwa hiyo mahindi imekwama?"

"Imekwama. Haiambukizi."

Inspekta akafikiri. "Ngoja basi. Lakini ingine ikikufa, ni moto."

Olanya akaleta mchanga wenye mawe madogo kutoka mto Nyamwamba. Adong akauweka kwenye kopo. Mahindi mazima tukaacha kuwapa kwanza, tukawapa uji. Mimi nikawanywesha maji, nikawapapasa ule mfuko polepole mpaka ulainike.

Inspekta aliporudi baada ya siku chache, kuku walikuwa wanapigana. Sakafu ilikuwa imechafuka vizuri. Akainama na sare yake ya pasi.

"Hii ni mavi ya kawaida?"

"Ya afya kabisa, afande."

"Basi kuku ikae. Yote."

Adong akaketi chini palepale, akacheka mpaka akajifuta macho. Tangu hapo kopo la mchanga halikukosekana stooni.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimepapasa kuku wote tena, mmoja mmoja, na mikono ilinuka.

"Nileteeni maji ninawe," nikaomba.

Adong, Olanya na Inspekta walikuwa wameinamia kopo, wanamwangalia jogoo akimeza mawe.