Picha Zilizopotea za Mwamba wa Chini

Kisanduku cha kamera kilikuwa kikavu, kimefungwa vizuri, na ndani hamna kitu. Kadi yenye picha zote za mwamba wa matumbawe ulio mita mia na ishirini chini ya maji ilikuwa imetoweka.

Inspekta Tamayose Kiyomi alikichungulia tena, akakirudisha mezani. Meli ya utafiti ilikuwa imerudishwa bandarini, kisiwani Ishigaki, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Hakuwa na haraka. Tangu mumewe afariki, nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza mbona amechelewa.

"Ni Uezato!" Profesa Iwabuchi alifoka. "Mvuvi! Picha zile zingefanya mwamba ufungwe, wasitie ndoana tena. Nani mwingine aziibe?"

Uezato, aliyekodiwa kuvuta mishipi, alicheka kwa uchungu. "Mimi huyo! Nikiiba kadi, kesho si mtashusha kamera tena? Afande, nina mtoto mchanga. Ukinifunga, nimekwisha."

"Kamera ilipopanda, kadi aliishika nani?"

"Mimi," profesa alisema. "Niliiacha ikicheza kwenye skrini ya chumba cha kulia, tukakimbilia sitahani. Samaki walikuwa wamenasa. Tuliporudi haikuwapo; nikadhani imerudishwa kisandukuni."

"Mkakimbia wote?"

"Wote, isipokuwa mpishi. Samaki wa kina kirefu hujaa hewa tumboni. Wadogo tunawachoma sindano upesi kuitoa, tunawarudisha. Wakubwa tukishawapima, wanakwenda jikoni. Ndiyo raha yetu pekee huku."

"Siku hiyo mlikula nini?"

Uezato akadakia. "Nyama ya kopo! Hebu fikiria, afande. Chewa wanono wamelala sitahani, sisi tunafunguliwa kopo! Nikamtania mpishi wetu, Mzee Irei, kwamba siku hizi anaogopa magamba. Chewa wote aliwamwaga baharini."

Inspekta aliinuka. Mpishi wa visiwa hivi amwage chewa wabichi? Hilo halikumwingia akilini hata kidogo. Akashuka jikoni.

Mzee Irei alikuwa akifuta sufuria iliyokwisha kutakata.

"Mzee, wenzako wakiwa juu, ulikuwa unatazama skrini."

"Nilikuwa napika."

"Chewa uliwatupa. Kwa nini?"

"Walikuwa wabaya."

"Uezato anasema walikuwa wanono. Wa siku iliyotangulia uliwapika. Hawa uliwaona wakitoka wapi?"

Mikono ya mzee ilisimama.

"Ningewalishaje watu samaki wale?" alisema polepole. "Wamekaa na mwanangu miaka yote hii."

Akatumbukiza mkono kwenye pipa la mchele, akatoa kadi iliyofungwa kwa plastiki. "Nilitaka kuitupa. Mkono ukakataa."

Waliitazama pamoja. Mashua ndogo ilikuwa imelala ubavu juu ya mwamba, chewa wakiingia na kutoka dirishani. Ubavuni jina lilisomeka bado: Setsu Maru.

"Maru huandikwa kwenye kila mashua. Setsu ni mama yake, mke wangu. Mwanangu Yukio aliliandika kwa mkono wake mwenyewe."

"Kwa nini ulificha, mzee?"

"Mke wangu anaamini yuko hai. Kwamba mashua ilipopotea, mkondo ulimpeleka Taiwan, na siku moja atarudi. Afande, nyumbani tuko wawili tu, na mazungumzo yetu yote ni ya kurudi kwake. Ukiyaondoa hayo, sijui mimi na yule mama tutasemezana nini."

Inspekta aliijua nyumba ya namna hiyo. Roho ilimuuma, akashindwa kumtazama usoni.

"Uezato anakaribia kufungwa kwa ajili yako."

"Najua. Hana kosa masikini. Andika ni mimi."

Hakumtia pingu. Walishuka gatini bega kwa bega. Setsu alikuwa amesimama pale, kama alivyosimama kila meli ilipofunga gati, ameshika vifurushi viwili vya chakula vilivyofungwa kwa vitambaa, kimoja cha mumewe, kimoja cha mwanawe. Aliwachungulia, kisha akachungulia nyuma yao.

"Mmerudi wangapi?" aliuliza.

Mzee Irei alimpokea vile vifurushi, akamshika mkono.

"Mama Yukio," alisema, "keti kwanza."